Mguu wa Kushoto wa Pijo la Baba

Mpemba,
S.L.P. 41,
Tunduma.
16 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Anyosisye,

Mama amekaa hapa mezani, mkabala na mimi, anachambua maharage, na amenionya nisianze barua kwa kufoka. Kwa hiyo nakusalimu kwanza. Hujambo? Mkeo Erica na binti yetu Dina wanaendeleaje na hiyo Denmark yenu? Kile kikohozi cha Dina ulichokitaja mwezi wa sita kimeisha? Mpe maji ya moto yenye tangawizi, na usiniambie kwamba daktari wa huko haiamini tangawizi.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Upepo wa Agosti umeanza, na wa Tunduma unaujua, unapita hata kwenye tundu la kitasa. Mahindi yamevunwa na hayakuwa mabaya. Maharage yalinyeshewa na mvua za mwisho, ndiyo maana Mama ana kazi ya kuchambua isiyoisha. Yeye hajambo isipokuwa mgongo. Mgongo ni uleule, na ndio uliosababisha barua hii.

Haya, salamu zimeisha. Sasa nafoka.

Nimeandika kwa kalamu makusudi. Kwenye simu nikikuuliza neno moja unanijibu kwa video ya dakika arobaini, Mzungu amelala chini ya gari anaongea peke yake. Nimezitazama nne. Ya tano nilimpa Mama aitazame, akasinzia. Karatasi haina video, kwa hiyo utaisoma mpaka mwisho.

Nikukumbushe tulikoanzia, maana naona umesahau. Mama mkubwa Alinanuswe, dada yake Mama, hajainuka kitandani kule Ikinga tangu Pasaka. Mama anataka kwenda kumwona, na hana haja nyingine mwaka huu. Mwisho wa mwezi wa nne nilimpakia kwenye Noah. Mpaka Isongole tulikwenda vizuri, siku hizi ni lami tupu, lakini kutoka pale kwenda juu ni mawe yaleyale uliyoyaacha. Noah ilimrusha Mama hadi akaanza kulia kimyakimya, akidhani simwoni. Tukageuza kabla hatujafika nusu ya njia. Alilala chali siku tisa.

Alipoinuka akasema atakwenda na Pijo la Baba au hatakwenda kabisa. Kwenye kiti cha nyuma cha lile gari anaweza kujinyoosha, na anasema halimrushi mtu kama Noah. Nilidhani ni maneno ya mjane tu. Nikamuuliza fundi Yahaya, yule mwenye gereji hapa Mpemba, akaniambia ni kweli: Pijo 504 likiwa na springi zake laini na shokapu nzima linapita kwenye mawe na abiria anakunywa chai. Shida ni kwamba la kwetu limekaa bandani tangu Baba afariki, na miguu yake ya mbele ilikuwa imekwisha.

Kazi ilikuwa hiyo tu, miguu ya mbele. Shokapu mbili, springi mbili, bushi na boljointi. Wewe ukasema hutatuachia, vifaa utachagua mwenyewe kwa sababu huko vipo. Nilishukuru. Mungu anajua nilishukuru kwa dhati.

Badala ya kununua ukaitisha mjadala kwenye kundi la familia. Bushi za mpira au za plastiki ngumu? Nikasema za mpira, kwa sababu Yahaya kasema za mpira ndizo zinazomeza mtikisiko. Ukasema za plastiki zinadumu miaka thelathini. Mama ana miaka sabini na minane, Anyosisye. Nani unamtaka adumu miaka thelathini? Halafu ukaleta picha ya springi nyekundu, fupi, kwamba gari litainama mbele na kupendeza. Limpendeze nani, mawe ya njia ya Ileje? Watu wa kundi wakapiga kura. Binamu zetu ambao hawajawahi kushika hata spana walipigia kura rangi nyekundu.

Ulipoona nimekasirika ukaachana na nyekundu, ukahamia kwenye uhalisi. Kila kifaa kiwe kilekile cha kiwanda, cha mwaka uleule, kama ilivyoandikwa kwenye kadi ya gari. Neno uhalisi nimelisikia kwako mara nyingi kuliko ninavyosikia amina kanisani. Ukasema gari kama hilo, lililonunuliwa jipya na halijaguswa, ni dhambi kuliwekea takataka. Hayo maneno uliyatoa kwa Baba, nayajua. Miaka yote, kila mgeni aliyefika alipelekwa bandani na kuambiwa gari hili halijaguswa hata ukucha. Na sisi tukayashika kama Amri Kumi.

Nami nina kosa langu, siwezi kulificha. Ulipoomba vipimo, Yahaya alifungua mguu wa kulia peke yake. Mafundi wa hapa ndivyo wanavyofanya. Wanafungua upande mmoja, wanaulaza juu ya katoni, wanauchora pembeni kwa kalamu ya wino mzito, wanaikata ile katoni, na katoni ndiyo inayosafiri kwenda dukani, iwe Mbeya iwe Nakonde, ng'ambo kwa Wazambia. Upande wa pili hawaugusi mpaka spea zifike, kwa kuogopa kukata nati zilizoshika kutu, na kwa sababu hakuna aliyewahi kuona gari lenye miguu isiyolingana. Nikaipiga picha katoni na rula pembeni yake, nikakutumia, nikaona tumefanya kazi ya watu waliosoma.

Mzigo ukakaa baharini na bandarini wiki tisa. Mama alikuwa ananiuliza kila asubuhi kama umefika, baadaye akaacha kuuliza, na kule kuacha kuuliza kuliniumiza zaidi.

Ulipofika tukaufungulia uani. Upande wa kulia kila kitu kiliingia bila hata kugongwa nyundo. Yahaya akawa anapiga mluzi. Akahamia kushoto, akapambana na nati mchana kutwa, akafungua, akaweka shokapu yako, na shokapu ikawa inacheza ndani kama mguu wa mtoto kwenye buti la baba yake. Springi haikukaa kwenye kikombe chake. Boljointi iligoma kabisa. Yahaya akaacha kupiga mluzi.

Hapo ndipo ulipopiga simu na kuniambia kwamba fundi wangu ameuza spea zako na kuweka za kwake. Ulilisema hilo kwa sauti kubwa, na simu ilikuwa kwenye spika juu ya boneti, na Yahaya alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo. Nilitamani ardhi inimeze. Alifuta mikono taratibu, akaniambia, "Dada, mimi nimetoka Kondoa mwaka elfu mbili na tatu. Nimefungua magari ya watu hapa mpaka nywele zimetoka mvi, na sijaitwa mwizi. Mwambie mdogo wako maboksi yake yote yako pale, ayahesabu." Akachukua spana zake akaondoka. Gari likabaki limeinuliwa juu ya magogo, pua juu.

Siku kumi hakutia mguu hapa. Nilikwenda nyumbani kwake mara mbili kukuombea msamaha, mimi mtu mzima wa miaka hamsini, nimekaa kwenye mkeka wa mkewe Mwajuma naeleza kwamba mdogo wangu si mtu mbaya, ni baridi tu imemwingia kichwani. Mwajuma alicheka, yeye hakucheka. Mara ya pili alikubali.

Aliporudi akafanya alichopaswa kukifanya mwezi wa tano: akauchora mguu wa kushoto kwenye katoni yake. Nikazibeba katoni zote mbili kwapani, nikavuka mpaka kwenda Nakonde kwa muuzaji mmoja wa spea za mtumba ambaye Yahaya anamwamini. Yule bwana akaziweka moja juu ya nyingine, akazigeuza, akaziweka tena. Akaniuliza, "Bamayo," ndivyo wanavyomwita mama huko, "mna magari mangapi?" Nikamwambia moja. Akasema, "Hapana. Hii ni ya gari dogo. Hii ya pikapu."

Nikajikuta namwambia, mbele ya wateja wake, kwamba ni gari moja, la marehemu baba yangu, na halijaguswa hata ukucha. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Bamayo," akasema, "hili liliguswa. Liliguswa vibaya sana." Nikarudi Tunduma na katoni zangu na aibu yangu.

Kwa hiyo wewe hukukosea vifaa, na Yahaya hakuiba kitu. Lakini mguu wa pikapu ulifikaje pale? Yahaya akasema hilo haliko kwenye uwezo wake, yeye anachoweza ni kukata bomba la mguu ule, kulichomelea pete ndani, na kulazimisha shokapu yako ikae. Nikamuuliza kama ni salama. Akajibu tu kwamba niendeshe polepole. Nilijua maana ya jibu hilo, na bado nilikubali, kwa sababu nilikuwa nimechoka na kwa sababu kila siku iliyopita ilikuwa inatoka kwenye siku za Mama mkubwa.

Siku ya kuchomelea, mitungi ya gesi imeshawekwa, moto umeshawashwa, Mama akatoka barazani na fimbo yake. Alitembea mpaka kwenye gari akaweka mkono juu ya madigadi ya mbele, upande wa kushoto. Akasema, "Yahaya, mwanangu, zima huo moto. Huo mguu si wa gari hili. Wa kwake niliuvunja mimi."

Anyosisye! Mama yetu, ambaye hatujamwona akishika hata funguo ya gari! Na hasira ilinipanda hapohapo, sikufichi. Wiki tisa za mzigo, siku kumi za Yahaya kununa, mimi kuchekwa Nakonde, na yeye muda wote amekaa barazani anatusikiliza! Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alimwahidi Baba, na alikuwa anangoja aone kama tutaweza bila yeye kuvunja ahadi.

Ameniruhusu nikuandikie. Amesema nikuandikie yote.

Ilikuwa mwaka themanini na tisa, kule Ikinga tulikokuwa tukiishi, mimi niko bweni Mbeya. Wewe ulikuwa na miezi kumi na mmoja. Baba alikuwa anamfundisha Mama gari kwenye uwanja wa shule yake baada ya watoto kutawanyika, na wadogo zake walikuwa wanamcheka waziwazi, eti mwalimu mkuu anamtengeneza mke awe dereva wa lori. Siku hiyo Baba alikwenda Rungwe kwenye kikao cha kanisa, akapewa lifti na mchungaji, Pijo likabaki nyumbani.

Saa nane mchana ukashikwa na degedege. Hapakuwa na gari jingine kijiji kizima. Mama mkubwa Alinanuswe alikuwa amekuja kusaidia kuchambua kahawa, akakufunga kwenye kitenge chake, akakaa nyuma na wewe mapajani, na Mama akachukua funguo. Hakuwahi kutoka nje ya uwanja wa shule na lile gari. Alishuka nalo mlima huku dada yake anamgombeza njia nzima, mara aende haraka, mara aende polepole.

Kwenye daraja aligeuka nyuma kukutazama. Akaniambia aligeuka kwa sababu ulikuwa umenyamaza. Tairi la kushoto likapanda jiwe la daraja, kitu kikakatika chini, na gari likainama. Alitaka kushuka akimbie na wewe kwa miguu. Mama mkubwa akamfokea, "Endesha hivyohivyo!" Akaendesha hivyohivyo, gia namba moja, tairi linasaga bodi, harufu ya mpira imejaa ndani, mpaka hospitali ya misheni. Muuguzi alikupokea kupitia dirishani.

Baba aliporudi hakuuliza habari za gari. Alikaa nawe siku mbili hospitalini. Kisha akalipeleka gari Tunduma, akatafuta mguu, akapata wa pikapu tu, akaufunga huo, na kijijini akasema gari limekwenda kukaguliwa tu. Alijua wadogo zake wangesema nini juu ya Mama mpaka kufa. Wakakubaliana watatu, yeye, Mama na Mama mkubwa, kwamba gari halijaguswa. Mama hakuendesha tena. Nilimuuliza kama Baba alimkataza. Akasema hapana, Baba alimwomba mara tatu, yeye ndiye aliyekataa. Tangu hapo alikaa nyuma ya dereva, kulia, kwa sababu kushoto kulikuwa kunadunda.

Najua unalia sasa. Futa macho, sijamaliza kukugombeza.

Najua pia unachotaka kusema, nimekulea mimi. Unataka kusema mguu ule usitolewe, ni kumbukumbu, huo ndio uhalisi wenyewe. Nilimwambia Mama kwamba utasema hivyo. Akajibu bila kuinua macho kwenye maharage, "Chuma kile kimenisumbua mgongo miaka thelathini na sita. Kitoeni." Kwa hiyo usinitumie ujumbe wa sauti kuhusu kumbukumbu. Yahaya amekwisha kukitoa, na amekubali kwamba hatakata wala kuchomelea kitu. Anachotaka ni mguu wa kushoto mzima wa gari dogo, bomba lake, kikombe chake na mkono wake wa chini, ili ulingane na wa kulia. Upo. Mwezi wa tano ulinionyesha picha ya mmoja kwa yule mzee anayevunja magari ya zamani huko kwenu, ukasema hatuuhitaji. Tunauhitaji. Springi na shokapu tunazo, ni zilezile zako. Na bushi ziwe za mpira, nikisikia neno plastiki nitazima simu.

Jumapili baada ya ibada tulimpigia Mama mkubwa, mjukuu wake akamshikia simu sikioni. Sauti yake imekuwa ndogo sana. Mama akamwambia siri imetoka. Akacheka kidogo, akakohoa, akapumzika. Tulidhani ataulizia gari litakuja lini. Hakuulizia. Aliuliza, "Yule mtoto amenenepa?" Nikamwambia ana kitambi. Akasema, "Mwambieni aje nione."

Mama alinirudishia simu akaenda kusimama dirishani.

Miaka tisa hujakanyaga hapa, Anyosisye. Baba alipofariki ndege zilikuwa zimefungwa, na hakuna aliyekulaumu. Sasa hazijafungwa. Mzigo wa meli ni wiki tisa, na mimi nimeisikia ile sauti, Mama mkubwa hana wiki tisa. Nimemuuliza Yahaya mguu mzima una uzito gani, akasema hauzidi kilo kumi na tano. Begi la ndege linaruhusiwa ishirini na tatu. Kwa hiyo huo mguu usiutume. Uufunge kwenye mashati yako, uuweke kwenye begi, ushuke nao Songwe uwanjani. Yahaya amesema anauhitaji siku moja tu, na kesho yake asubuhi tunapanda Ikinga, wewe ukiendesha.

Wasalimie Erica na Dina, uwaambie kitanda chao kipo kama wanaweza kuja, na kama hawawezi, njoo peke yako. Yahaya na Mwajuma wanakusalimu. Yahaya ilibidi nimwombe, lakini amesalimu. Mama anakubariki, na Mungu akushike mkono mpaka utakapoingia mlangoni.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu zote,

Tukuswiga